Bomu inafika sawasawa, lakini nani alitoa adresi?



Mu magrupu yetu ya WhatsApp kunazunguka mavideo ya mabomu ya Uchina. Bomu inatoka chini ya ndege, inafungua mabawa, inaruka mbali, kiisha inaingia pale pale kwenye alama. Chini watu wanaandika: "Uchina imefika", "hii njo teknolojia". Mimi ni mtu wa kilimo, si mtu wa jeshi. Lakini lile neno "presizyo" tulilisoma pia mu fakilte ya agronomia, na naona hapa tunalitumia vibaya.

Tuanze na historia, juu hata yenyewe tunaisimulia nusu. Mwaka 1972, kule Vietnam, Wamarekani waliangusha daraja la Thanh Hoa kwa mabomu ya leza, kisha ya miaka ya kulishambulia bure kwa mabomu ya kawaida. Mwaka 1991, mu vita ya Ghuba, dunia yote iliona mabomu ya namna ile mu televisheni. Watu wachache wanakumbuka kama yalikuwa paka sehemu ndogo, chini ya 10 kwa mia ya mabomu yote yaliyoangushwa. Lakini wakubwa wa jeshi la Uchina waliangalia na wakaogopa. Mwaka 1993 walibadilisha mwongozo wao wa vita ili kujitayarisha kwa vita za teknolojia ya juu. Mwaka 2006, mu maonyesho ya ndege ya Zhuhai, wakaonyesha matunda: LT-2 inayofuata mwanga wa leza, LS-6 yenye mabawa ya kukunjua, na jamaa ya FT inayofanana sana na JDAM ya Marekani.

Hapa wengi wanasema: "Walikopi tu." Hiyo kritiki ni ya uvivu. Kukopi mkia wa bomu si jambo kubwa. Unachukua bomu ya zamani, unaifungia mkia wenye mapezi ya kugeuka, kompyuta ndogo na chombo cha kupokea satelite. Kazi kubwa iko juu mbinguni. Bomu inayotegemea satelite za mwingine ni sawa na shamba linalonyweshwa na mfereji wa jirani: siku akifunga, umekwisha. Uchina ilijenga satelite zake za BeiDou pole pole: mwisho wa 2012 zikahudumia Asia na Pasifiki, na Julai 2020 dunia yote. Hiyo njo sehemu ya kustaajabia, kama tunataka kustaajabu.

Sasa lile neno lenyewe. Mainjinieri wanapima presizyo namna hii: wanachora duara kuzunguka alama, na nusu ya mabomu inapaswa kuanguka ndani yake. Kwa JDAM waliomba duara la metre 13 kutoka katikati mpaka ukingoni. Nusu nyingine inaanguka inje. Na hata ile inayofika katikati, kama ni ya kilo 500, vipande vyake vinaruka mamia ya metre. Mu kijiji, mamia ya metre ni soko, kisima na shule pamoja.

Lakini tatizo kubwa haliko hapo. Kile kipimo kinapima umbali kati ya bomu na namba za mahali walizoipa. Hakipimi umbali kati ya zile namba na ukweli. Mkulima mwenye trakta ya GPS nzuri anaweza kupanda mbegu kwa kosa la sentimita 2 au 3. Kama karte ya udongo iliandikwa vibaya, atatia mbolea mahali ambapo haihitajiwi, sentimita kwa sentimita. Mashine haitamwambia kitu, juu yenyewe imefanya kazi yake.

Na Uchina, kuliko inchi ingine yoyote, inajua jambo hili. Tarehe 7 Mei 1999, ndege ya Marekani aina ya B-2 iliangusha JDAM tano mu Belgrade. Zilifika mahali zilipotumwa. Pale mahali palikuwa ambasade ya Uchina, na wanahabari watatu Wachina walikufa. Marekani ilisema ilitaka kupiga ofisi ya Yugoslavia ya kununua silaha, na kama adresi njo ilikosewa. Wachina wengi hawakuamini mpaka leo. Ukiamini ao usipoamini, bomu haikukosea. Lakini ukiangalia maonyesho ya Zhuhai, somo lililobaki la Belgrade ni la fundi: sisi pia tutengeneze. Lile somo la adresi hakuna mtu aliliweka kwenye meza ya maonyesho.

Ndiyo, kuna jibu la haki: bomu inayoongozwa ni afadhali kuliko mapipa ya baruti yanayotupwa tu kutoka kwa Antonov. Mbili zinafanya kazi ya mia. Nakubali, kama wanaoitumia wanabaki na alama zilezile. Lakini kitu kikikuwa cha bei ndogo na cha kuaminika, kamanda anaanza kupiga hata mahali ambapo zamani angepaacha, kama katikati ya muji. Na kitu cha bei ndogo kinasafiri. Mwaka 2025 Amnesty International ilionyesha vipande vya bomu ya Kichina GB50A, ya kampuni Norinco, vilivyookotwa karibu na al-Malha, Darfur, kisha ya shambulio la Machi. Wao walisema silaha hizo zilipitia Falme za Kiarabu, zenyewe zilikana. Uchina iliingia mu Mkataba wa Biashara ya Silaha mwaka 2020, na mkataba ule unaomba muuzaji azuie silaha zake zisipotee njiani.

Na kwetu? Tangu 2023 jeshi letu liko na droni za Kichina CH-4, na watu wa Kivu wamezoea kuinua macho wakisikia muungurumo, bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo shiye si watazamaji wa ile video. Tuko ndani ya karte.

Siombi mtu aache kupenda teknolojia. Naomba tu, mbele ya kushare, tuulize kama vile tungeuliza mu utetezi wa memwari: data ilitoka wapi? Nani aliihakikisha kule chini, kwa miguu? Na kisha ya moshi, nani alienda kuhesabu watu, na ile hesabu iliandikwa wapi? Video ikinyamaza juu ya hayo matatu, hiyo ni publisite ya muuzaji.