Si Mbio, Wala Si Majaribio

Uko mchezo wa pikipiki uliostawi Uingereza, ambao mashindano yake mashuhuri ya siku sita hufanyika Uskoti. Baadhi ya wafasiri wetu huuita "mbio za majaribio". Twaona istilahi hii ina kasoro mbili. Kwanza, hapana mbio: mpanda pikipiki husimama juu ya vikanyagio, akipita polepole juu ya miamba, magogo na vijito. Pili, "majaribio" humfanya msomaji adhani kuwa chombo kipya kinapimwa, hali anayepimwa ni mtu.

Kosa hili si la maneno tu. Mwenye pikipiki hiyo akiitunza kama ya mbio, atalijaza tairi upepo hadi likaze. Kumbe upepo hupunguzwa sana ili tairi lishike jiwe. Neno "pointi" nalo hupotosha. Mguu ukigusa ardhi mara moja, mchezaji huandikiwa 1. Akishindwa kuvuka, 5. Na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Gazeti likiandika kuwa fulani "amejipatia pointi 5", msomaji atampongeza aliyeanguka.

Twapendekeza "mashindano ya vikwazo kwa pikipiki", na "alama za makosa" badala ya "pointi". Twajua kuwa "vikwazo" hutumika pia katika siasa na uchumi, lakini muktadha utatenganisha maana hizo. Msomaji mwenye neno lililo bora zaidi twamwomba atuletee, pamoja na hoja zake.