Nani Kamuua Panya? Uhakiki wa Kitenzi Kinachokimbiwa

Fungua tasnifu yoyote ya sayansi ya wanyama iliyoandikwa kwa Kiingereza, nenda kwenye sura ya mbinu za utafiti, kisha tafuta neno "killed". Unaweza kutafuta mpaka chai ikapoa. Utakutana na "sacrificed", "euthanised", "harvested", "culled", "collected", "removed". Mwanzo wa aya panya anakula pumba kwenye kizimba, mwisho wa aya ini lake liko kwenye formalini. Katikati kuna kitenzi kimoja kipole, na hakuna mtu aliyefanya chochote.

Hapa Morogoro panya ni somo zito. SUA wamemtafiti panya shamba, Mastomys natalensis, kwa miongo kadhaa, kwa sababu anakula mahindi ya mkulima na anabeba vimelea. Virusi vya Morogoro, vilivyotangazwa kwenye majarida mwaka 2009, vilipatikana kwa panya huyohuyo. Kwa hiyo panya wanauawa, na mara nyingi kuna sababu nzuri ya kuwaua. Ugomvi wangu uko kwenye maneno. Kiingereza cha sayansi kimejijengea kabati zima la maneno ya kuua yasiyosema kuua, na sisi tunayabeba kuja nayo kwenye Kiswahili bila kuyapekua.

Maneno yalikotoka

Tuanze na "sacrifice". Kwa Kilatini maana yake ni kukifanya kitu kiwe kitakatifu. Hebu litafsiri kwa uaminifu: "Panya 40 walitolewa kafara siku ya 14." Mwambie hivyo bibi mmoja wa Kinole, kwamba kule chuoni vijana wanatoa panya kafara, uone kama kesho atamruhusu mjukuu wake kuja kusoma. Kwa Kiswahili kafara ina anayetoa, ina anayepokea na ina shida inayoombewa. Kwa Kiingereza cha maabara vyote vitatu vimefutika, limebaki ganda.

"Cull" na "collect" ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na kitenzi cha Kilatini "colligere", yaani kukusanya pamoja. Mmoja akawa kuchagua na kuondoa wanyama kundini, mwingine akawa kukusanya vielelezo vya makumbusho. Asili yao ni kazi ya kuokota matunda, ila kwenye ripoti nyingi wote wawili wanaishia kwenye mzoga.

Kiambishi "-cide" cha "pesticide" na "homicide" chenyewe kiko wazi zaidi. Kinatokana na "caedere", yaani kupiga, kukata, kuua. Cha ajabu, "decide" nalo limetoka hapohapo: kuamua ni kukata. Nasi tunasema kukata shauri. Lugha mbili zisizo na ukoo zimekutana kwenye panga moja.

Hata "deadline", inayowanyima usingizi wanafunzi wa uzamili, ina damu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kwenye kambi ya mateka ya Andersonville mwaka 1864, ulikuwapo mstari ambao mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Leo ukiuvuka unaandikiwa baruapepe na msimamizi wako.

Fimbo ya mbali

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hawakuwahi kusoma sura ya mbinu za utafiti. Humo fimbo ya mbali inaua kila siku, kwa sababu sentensi imeundwa ili mwenye fimbo asionekane: "the animals were sacrificed". Na nani? Kwa nini? Kwa njia gani?

Chukua mfano wa milima yetu. Mwaka 1926 Arthur Loveridge, wa makumbusho ya zoolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard, alifanya kazi Uluguru. Kati ya alivyorudi navyo kulikuwa na ndege ambaye Herbert Friedmann alimtangaza rasmi mwaka 1927 kwa jina la Malaconotus alius. Ndege huyo hapatikani kokote duniani isipokuwa misitu ya Uluguru, na leo yuko hatarini kutoweka. Vitabu vinasema vielelezo "vilikusanywa". Kwa Kiswahili hali inazidi kuwa tamu, maana sisi tunakusanya kuni, kodi na maoni ya wananchi. Msomaji wa kawaida hawezi kujua kuwa ndege huyo aliuawa kwanza, kisha ngozi yake ikakaushwa.

Simhukumu Loveridge kwa kipimo cha leo. Jina la kisayansi la spishi hufungwa kwenye kielelezo, na bila kielelezo tungebaki tunabishana ndege yupi ni yupi. Lakini swali la kama bado ni lazima kuua mnyama adimu ili kumthibitisha, wakati kuna picha, sauti na sampuli ya damu, ni swali halali kabisa. Mjadala huo hauwezi hata kuanza ikiwa kitenzi chenyewe kimefichwa.

Kuua kwa mzaha

Hapa ndipo Kiingereza kinachekesha. Panapokufa mnyama kweli, neno "kill" linakimbiwa. Pasipokufa mtu, limejaa tele. Mwingereza anaua muda, anaua taa, anaua injini, viatu vinamuua, mchekeshaji anawaua watazamaji, na mfanyabiashara aliyepata faida kubwa "amefanya mauaji". Kwenye kompyuta, amri ya kusimamisha programu iliyogoma kwenye Unix inaitwa "kill".

Sisi muda tunaupoteza, taa na injini tunazizima. Lakini tusijifanye watakatifu. Mtu akitokea kapendeza tunamwambia "umeua!", kijana akitaka kuficha aibu anaua soo, njaa inatuua kuanzia saa tano asubuhi. Na ule usemi wa kuua ndege wawili kwa jiwe moja tumeuzoea kiasi kwamba hata mradi wa kuhifadhi ndege unaweza kuzinduliwa kwa usemi huo na asicheke mtu.

Mzaha huu hauna madhara. Shida ni mgawanyo wa kazi: neno kali limepewa michezo, neno laini limepewa vifo.

Kiswahili nacho si malaika

Kwa upande mmoja tuna utajiri. Kuchinja si kunyonga, na mnyama aliyekufa bila kuchinjwa ni kibudu, mjadala umekwisha. Kila kitenzi kinakuambia njia iliyotumika. Hata sheria: Kiingereza kina "murder" na "manslaughter", sisi tunasema kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kitenzi ni kilekile, kinachopimwa ni nia. Hapo naona tumewazidi, kwa sababu mfu ni mfu kwanza, mengine yanafuata.

Kwa upande mwingine tumeanza kuiga. Kweleakwelea "wanadhibitiwa" kwa ndege inayomwaga sumu. Wanyamapori "wanavunwa" kama mpunga. Na kubwa kuliko yote ni neno dogo tunalolitumia kila siku: dawa.

Ukikaa kijiweni popote mjini Morogoro utamsikia muuzaji anayepita na kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni. Panda Mgeta kwenye kabichi na njegere, mkulima anapiga dawa. Dawa hiyohiyo ndiyo jina la kidonge anachopewa mtoto mwenye homa. Jina rasmi lipo, kiuatilifu, na ndani yake kitenzi kuua kinaonekana waziwazi. Hata mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 inaitwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini jina rasmi linaishia kwenye bango la ofisi. Shambani ni dawa.

Sasa neno dawa linamfundisha mtu nini? Kwamba kitu hiki kinaponya. Kwamba kisipofanya kazi, uongeze dozi. Kwamba kinaweza kukaa kabatini ndani ya nyumba. Kwamba chupa yake ikiisha inafaa kuwekea mafuta ya taa, au hata maji. Tena maji yanayoteremka Uluguru hayaishii Uluguru, yanaingia mto Ruvu na kwenda kunywewa Dar es Salaam.

Angalia "dawa ya panya" peke yake. Ndani ya jina hilo moja kuna vitu viwili tofauti kabisa. Bromadioloni huzuia damu kuganda, na mtu akiila kwa bahati mbaya kuna kinza-sumu, vitamini K. Zinki fosfaidi ikifika tumboni hutoa gesi ya fosfini, nayo haina kinza-sumu mahususi, daktari anabaki kupambana na dalili. Mama anapokimbiza mtoto hospitali na kusema "kala dawa ya panya", neno halijamsaidia yeye wala daktari. Laiti angejua kubeba na pakiti yenyewe!

Wakati mwingine tunakosea upande wa pili. Antibayotiki tumeziita viuavijasumu, kana kwamba zote zinaua. Penisilini inaua bakteria. Tetrasaiklini, ndugu wa ile OTC wanayochomwa ng'ombe, kwa kawaida huzuia bakteria wasizaliane, kazi ya kummaliza adui inaachiwa kinga ya mwili. Hapo kitenzi kuua kimesema zaidi ya ukweli.

Panya wawili wa mji mmoja

Magawa alikuwa panya buku aliyezaliwa Tanzania Novemba 2013 na kufunzwa na APOPO, shirika linalofundishia panya wake hapahapa SUA. Alinusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 nchini Kambodia, akapewa medali ya dhahabu ya PDSA mwaka 2020, akastaafu 2021. Alipokufa Januari 2022 vyombo vya habari vya Kiingereza viliandika "passed away", na nasi hatukuona ajabu kusema amefariki. Kufariki ni neno la watu, asili yake ni kuachana. Mnyama kwa kawaida hufa.

Panya mmoja amefariki, panya wengine "wameondolewa". Wote wana maumivu, tofauti ni jina na medali. Ndiyo maana nasema maneno haya hayaelezi kilichompata mnyama. Yanaeleza sisi tulijisikiaje.

Basi tufanyeje?

Sipendekezi tuandike kwa ukatili. Napendekeza kipimo kimoja: neno liongeze taarifa, lisipunguze. "Euthanasia" lina maana yake, kifo chema cha kumpunguzia mnyama mateso. Likitumika kwa ng'ombe aliyevunjika mgongo, safi. Likitumika kwa panya mzima aliyeuawa kwa sababu tulihitaji figo lake, si kweli. "Cull" libaki pale ambapo kweli kuna uchaguzi.

Hili si suala la huruma tu. Russell na Burch, mwaka 1959, walitufundisha tubadili, tupunguze na tuboreshe matumizi ya wanyama katika majaribio. Huwezi kupunguza usichokihesabu. Halafu njia ya kuua inaweza kubadilisha homoni za msongo na hali ya tishu, kwa hiyo anayetaka kurudia jaribio lako anahitaji kujua uliua vipi. "Sacrificed" halimwambii lolote.

Kwa hiyo ukiandika, andika: tuliwaua panya wangapi, kwa njia gani, kwa nini hatukuweza kuwakamata, kuwawekea alama na kuwaachia. Na ukienda Mgeta kumfundisha mkulima, usimwambie apige dawa kwa uangalifu. Mwambie ni sumu, kisha msome naye rangi ya mkanda kwenye lebo. Sentensi hizo zitakwaruza kidogo mdomoni, lakini mkulima na mwenzako wa maabara watajua wameshika nini.