Hodi Mbele ya Seva

Katika ofisi nyingi ndogo za Nakwa, hapa mjini Babati, hukaa kando ya ukuta kompyuta moja isiyokaliwa na mtu, nayo ndiyo iliyokabidhiwa amana ya wote: orodha za majina, stakabadhi za malipo, barua za miaka iliyopita na hesabu za mwezi huu. Watumishi huzifungua folda zake kupitia waya na swichi bila ya kuifikiria, mpaka siku umeme ukatikapo na kurudi, karani akabonyeza folda aliyoizoea akaikuta haifunguki. Hapo huitwa fundi, na hapo huanza sanaa ambayo kwa maoni yangu haijapewa sifa inayoistahili, yaani sanaa ya kuihoji seva kwa amri zilizoandikwa, swali baada ya swali, mpaka ibainishe kilichoisibu.

Chombo cha sanaa hiyo huitwa smbclient. Hakina picha wala rangi. Ni mstari mmoja tu wa maandishi juu ya kioo cheusi. Fundi huandika jina la chombo, akaongeza alama ya -L, kisha jina la seva na jina la mtumiaji, na kwa sentensi hiyo fupi huwa ameiomba seva imtajie folda zote inazozigawa. Mwenye kubonyeza picha za folda aghalabu huambiwa kwamba imeshindikana, basi, naye huachwa na dhana tupu. Bali fundi aulizaye kwa amri hupewa jibu lenye jina lake. Ni kama mgeni abishaye hodi: kutoifikia nyumba ni jambo moja, kuifikia na kukosa mtu wa kuitikia ni jambo jingine, na kuitikiwa na mwenyeji asiyekutambua ni la tatu. Jibu likiwa NT_STATUS_HOST_UNREACHABLE, njia yenyewe ina dosari: swichi imebaki imezimika, waya umechomoka, au seva imepewa anwani mpya baada ya umeme kurudi. Likiwa NT_STATUS_CONNECTION_REFUSED, njia ni nzima na mashine i hai, ila katika lango namba 445 hapana anayepokea, na mara nyingi ni kwa sababu programu ya kugawa faili haikuamka pamoja na mashine. NT_STATUS_LOGON_FAILURE hulaumu jina au nenosiri, na NT_STATUS_BAD_NETWORK_NAME husema kwamba umekaribishwa vyema, lakini folda unayoiulizia haimo. Mwenye kuyajua majibu haya manne hana haja ya kuizima na kuiwasha mashine ovyo, jambo ambalo nimeona likifanywa na watu wengi kwa kukosa subira.

Lakini kuingia si mwisho wa kazi, na ni hapa weledi unapodhihirika. Fundi akishaingia huandika ls, na seva humwonyesha majina ya faili, ukubwa wake na tarehe zake. Chini kabisa huja mstari ambao wengi hawausomi, utajao ukubwa wa diski na nafasi iliyobaki. Mara nyingine folda hufunguka bila ya tatizo lolote, nayo ni tupu, na hofu ikatanda kwamba kazi ya mwaka mzima imefutika. Fundi makini huusoma mstari ule wa chini: akikuta ukubwa uliotajwa ni wa diski ndogo ya mfumo wala si wa ile kubwa iliyohifadhi faili, hutambua kwamba diski kubwa haikuunganishwa mashine ilipowaka, na kwamba inayogawiwa ni folda tupu iliyobaki mahali pake. Huwazuia watu wasiandike kitu humo, huiunganisha diski, na faili zote huonekana tena.

Kisha hupeleka faili dogo la majaribio kwa amri ya put, hulirudisha kwa get chini ya jina jingine, huyalinganisha mawili hayo, na alilolipeleka hulifuta asiache uchafu katika nyumba ya watu. Na haya yote huyafanya kwa jina la karani, si kwa jina la msimamizi, kwa maana msimamizi hufunguliwa kila mlango, na jaribio lake halithibitishi lolote juu ya haki ya mtumishi mdogo ambaye kesho atakuja kuandika stakabadhi akaambiwa NT_STATUS_ACCESS_DENIED.

Chombo hiki ni sehemu ya programu ya Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Canberra, Australia, katika mwisho wa mwaka 1991 na mwanzo wa 1992, alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari. Hakupewa maelezo ya SMB, yaani lugha ambayo mashine za kugawa faili zilizungumza. Aliipeleleza kwa kutazama maneno yaliyopita katika waya, akaijibu, akatazama tena. Ilipofika Desemba 2007, baada ya hukumu za Ulaya dhidi ya Microsoft, ndipo kundi la Samba lilipopata maelezo rasmi, kwa malipo ya euro 10,000 mara moja tu. Kwa hiyo ufundi wa kuuliza na kusikiliza haukuongezwa juu ya chombo hiki, ndio uliokizaa.

Kwa chombo hiki fundi huweza pia kuulizia kama seva ingali inakubali toleo la kale la SMB, lile ambalo kirusi cha WannaCry kililitumia Mei 2017 kuenea duniani. Likikubaliwa, na lifungwe siku hiyo hiyo. Ila seva isiyokuwa yako usiibishie hodi bila ya idhini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingia bila ruhusa, na hata isingekataza, amana ni amana.

Nanyi wakuu wa ofisi na shule za Babati, nawaombeni: msitie sahihi ya kupokea seva mpya kabla fundi hajaketi mbele yenu, akaingia kwa jina la karani wenu wa chini kabisa, akaandika faili, akalisoma, akalifuta. Smbclient hailipiwi hata senti moja, na jaribio hilo halizidi dakika chache.