Kalamu na Rangi za Maji

Mtu atakaye kuwajua mabingwa wa rangi za mafuta hana taabu kubwa. Huingia katika jumba la picha, huinua macho, na kila picha huwa na jina kando yake. Lakini atakaye kuwajua mabingwa wa kalamu na rangi za maji zilizotumiwa pamoja katika karatasi moja aweza kupita vyumba vingi asiwaone. Wako watakaomwambia kuwa hawapo, kwamba ustadi huu ni makimbilio ya mchoraji aliyeogopa kuiachia rangi uhuru wake. Nia ya insha hii ni kuonyesha kuwa wapo, kuwa hukumu hiyo si ya haki, na kuwa iko mizani ya kuwapambanua mabingwa na watu watiao rangi mistari tu.

Kwanza na tuulize kwa nini hawaonekani. Sababu moja ni karatasi yenyewe. Rangi nyingi za maji hufifia zikikaa sana mbele ya mwanga; kwa hiyo majumba ya hifadhi huziweka picha hizi gizani ndani ya masanduku, huzitoa kwa muda mfupi, kisha huzirudisha. Sababu ya pili ni kwamba nyingi zilifanywa kwa ajili ya vitabu. Aliye ukutani huitwa mchoraji. Aliye kitabuni huitwa mpambaji. Cheo kimefuata mahali pa kazi, hakikufuata kazi.

Sababu ya tatu imo katika historia. Katika karne ya 18 wachoraji wa mandhari wa Uingereza walikuwa na desturi moja: mstari kwanza, kivuli cha kijivu baadaye, kisha rangi nyepesi juu ya vyote. Rangi ilikuwa mgeni aliyekaribishwa baada ya chakula kwisha. Katika miaka ya 1790 vijana wawili, Thomas Girtin na J. M. W. Turner, wote wazaliwa wa mwaka 1775, walifanya kazi nyakati za jioni nyumbani kwa tabibu Thomas Monro mjini London. Girtin alichora mistari, Turner akatandaza rangi. Picha moja iligawanywa kama nyumba igawanywavyo baina ya mwashi na mpaka chokaa. Baadaye wote wawili walielekea kuipa rangi enzi kuu, na ushindi wao ulikuwa mkubwa hata wengi wakaamini kuwa kalamu ni mkongojo wa mwanafunzi, wa kutupwa miguu ipatapo nguvu.

Imani hiyo imechanganya desturi mbovu na ustadi wenyewe. Kosa la desturi ile halikuwa kutumia kalamu, bali kuiacha kalamu iseme yote. Mstari ukiisha kuzunguka kila jani na kila jiwe, rangi haina la kuongeza; hujaa kama maji mtungini, na umbo la mtungi halibadiliki. Basi mizani yangu ni hii. Iondoe rangi kwa akili yako, utazame mistari iliyobaki: kama picha haikupungukiwa ila na pambo, huyo ni mchoraji wa mistari. Kisha uondoe mstari, utazame rangi: kama picha imesimama vilevile, kalamu ilikuwa ya ziada. Bingwa tumtafutaye ni yule ambaye, ukiondoa kimoja chake, cha pili hubaki kama maneno yaliyokatwa katikati.

Thomas Rowlandson wa London, aliyefariki mwaka 1827, hutimiza sharti hili katika kazi zake bora. Picha yake ya bustani ya Vauxhall, iliyoonyeshwa katika Royal Academy mwaka 1784, imejaa umati: mwimbaji yuko juu roshanini, wapiga muziki nyuma yake, walaji mezani, na wapenzi na wasengenyaji chini ya miti. Mstari wake hunenepa na kukonda kama sauti ya msimulizi. Hukatika pale nguo ipatapo mwanga, na hapo rangi nyepesi hushika zamu. Mstari huwacheka watu, rangi huwahurumia. Lakini Rowlandson alifanya mengi mno. Haja ya fedha ilimharakisha, na katika michoro yake mingi ya baadaye nyuso hurudiwa na rangi huwa mazoea. Asihukumiwe kwa wingi wake.

Edward Lear, aliyezaliwa mwaka 1812 na kufariki mwaka 1888, anajulikana zaidi kwa mashairi yake ya mzaha. Hata hivyo alisafiri Albania, Misri na India akichora bila kuchoka. Mahali penyewe alitumia kalamu ya risasi, akaandika juu ya karatasi tarehe, mara nyingi na saa, pamoja na maneno ya kujikumbusha rangi za mlima au za mchanga. Baadaye, akiwa ametulia, aliifuata mistari ile kwa wino na kutandaza rangi za maji. Maneno yale hakuyafuta. Mengine aliyapitishia wino pia. Hivyo katika picha zake za mto Nili msomaji huona mkono mmoja ukichora na kuandika, na anga pana iliyoachiwa rangi peke yake. Lear alitumaini sifa kutoka kwa picha zake kubwa za mafuta. Leo karatasi zile za safari, ambazo maelfu yake yamo katika maktaba ya Houghton ya Chuo Kikuu cha Harvard, zina uhai kuzipita picha zile.

Arthur Rackham, 1867 hadi 1939, ni shahidi wa upande wa vitabu. Rip Van Winkle, kitabu alichokichorea mwaka 1905, na Peter Pan in Kensington Gardens cha mwaka 1906 vilichapwa kwa njia ya rangi tatu iliyokuwa bado mpya, ambayo ilielekea kuyatia maumbo ukungu. Wino wa Rackham uliyashika maumbo hayo: mizizi iliyopindana na vidole vya vizee. Juu yake alitandaza rangi tabaka kwa tabaka, za hudhurungi na kijivu, mpaka mti na mtu wakawa wa ukoo mmoja. Waweza kumlaumu kuwa jioni yake ni ile ile kila siku. Huwezi kumlaumu kuwa rangi yake ni pambo.

Paul Klee, aliyefariki mwaka 1940, alilifikisha jambo hili mbali. Katika picha yake ya mwaka 1922 ya ndege wanne juu ya waya wenye mkono wa kuzungushia, mstari ni mkavu na umekwaruzika, kwa kuwa aliuhamisha kutoka karatasi iliyopakwa rangi ya mafuta kabla ya kutia wino na rangi za maji. Mstari ni mashine. Buluu na waridi iliyouzunguka ni hewa. Havifuatani wala havipatani, na katika kutopatana huko ndimo picha ilimopata maana yake. Watawala wa Ujerumani waliiondoa katika jumba la taifa mjini Berlin mwaka 1937 kwa kuiita sanaa iliyopotoka. Tangu mwaka 1939 imo katika jumba la sanaa ya kisasa la New York.

Basi mtafutaji asianzie kwenye kuta. Na aombe masanduku yafunguliwe. Na afunue vitabu vya hadithi na shajara za safari, asione haya kuwa vingine viliandikwa kwa watoto. Kila aonapo wino na rangi pamoja, aulize kalamu imeiachia rangi kazi gani. Palipo na jibu pana bingwa, hata kama jina lake halikuandikwa chini ya fremu yoyote.