Ziara ya Namirembe na Insha Zilizotokana Nayo

Muhula uliopita wanafunzi-walimu wetu waliwapeleka wanafunzi wa kidato cha pili kuzuru Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, jijini Kampala. Waliporudi, kila mmoja aliandika insha. Tumezisoma zote, na hapa tunatoa maoni yetu.

Kisarufi insha hizi zinaridhisha. Upatanisho wa ngeli umezingatiwa, ingawa "kanisa kubwa hii" na "makaburi zile" zimejitokeza hapa na pale. Kasoro iko katika maudhui. Karibu zote zinaanza na jua kuchomoza na basi kuondoka, zinapitia "tulikaribishwa kwa mikono miwili" na kuishia "tulirudi tukiwa hoi". Katikati mna tarehe: kanisa lililotangulia liliteketea kwa radi mwaka 1910, hili la matofali mekundu lilikamilika mwaka 1919, Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, amezikwa hapo. Yote ni kweli, lakini yangeweza kunakiliwa bila kupanda kilima.

Katika makaburi hayo hayo amelala Alexander Mackay, fundi na mmisionari aliyefika Buganda mwaka 1878. Wasomaji wa kwanza wa Buganda walisoma maandiko ya Kiswahili kabla hayajatafsiriwa kwa Luganda, na Mackay alitumaini kwamba Kiswahili kingekuwa lugha moja ya eneo hili lote. Askofu Tucker, aliyefika mwishoni mwa mwaka 1890, miezi kadhaa baada ya Mackay kufariki, alikipinga kwa hoja kwamba kilikuwa karibu mno na Uislamu. Msimamo huo aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1908. Hivyo basi, mvutano kuhusu lugha ambayo wanafunzi hawa wanaiandikia insha una mizizi yake kilimani hapo. Wao walilipita kaburi hilo, wengi bila kulitaja.

Lawama si yao. Karatasi ya maswali ilitoka idarani kwetu, na maswali yote yaliuliza nani, lini na ngapi. Hakuna hata moja lililouliza kwa nini. Mwanafunzi mmoja tu alithubutu: alijiuliza kama waliolala pale wangemwelewa iwapo angewasalimu kwa Kiswahili. Hakujua kwamba yumo ambaye angeitikia. Sisi tulimpunguzia alama kwa "kutoka nje ya mada". Tumezirudisha.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa kuifanya kazi hiyo ni hawa tunaowafunda. Kwa hiyo, kabla ya ziara nyingine, hapana budi mwalimu atangulie mwenyewe, asome makaburi, kisha awape wanafunzi angalau swali moja ambalo jibu lake halikuandikwa kwenye kibao.