Wakanda na wakimbizi wake wawili

Black Panther nimeitazama mara nne, na zote nne nilikuwa hapa hapa Bujumbura. Mara ya kwanza ilikuwa Buyenzi, kwenye nyumba ya video: mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni, na nyundo za mafundi magari zinasikika kutoka nje hata pale filamu inapotaka kimya. Ilikuwa kopi ya kutafsiriwa, yaani mtafsiri anaongea juu ya sauti za waigizaji wote, anawacheka, anawapa majina anayotaka. Kuna watu wanaona ni kuharibu filamu. Mimi naona mtafsiri mzuri ni mhakiki wa kwanza, maana anakuonyesha wapi pa kusikiliza.

Mashabiki wa filamu hii duniani kote wana ugomvi mmoja mkubwa tangu 2018: Killmonger alikuwa na haki au hakuwa nayo? Mnajua habari yake. Baba yake aliuawa na mfalme wa Wakanda, ndugu yake mwenyewe, huko Oakland mwaka 1992, na mtoto akaachwa pale pale kama vile hakuwa damu yao. Ni ugomvi mzuri, lakini wa Buyenzi ulikuwa mwingine, na ulianza Killmonger akiwa bado hajafika hata mlangoni mwa Wakanda.

T'Challa ameshakuwa mfalme. Nakia anamwambia kwamba nchi yao ina uwezo wa kusaidia wengine na kupokea watu wanaokimbia. Baadaye W'Kabi, rafiki wa mfalme na mkubwa wa watu wa mpakani, anasema kinyume: ukiwafungulia wakimbizi, watakuja na matatizo yao, na Wakanda itakuwa kama nchi nyingine yoyote. Mtafsiri alilisema hilo kwa Kiswahili kilichonyooka, bila mzaha, yeye ambaye alikuwa anataniana na kila kitu. Nyumba nzima ikanyamaza. Tulikuwa tumekaa mchanganyiko, Warundi na sisi wa ng'ambo ya ziwa, bega kwa bega kwenye benchi moja. Halafu kijana mmoja wa nyuma akasema, kwa Kiswahili cha kwetu: "Eh! Uyu anaongea sawa bayeri wangu!" Tukacheka, Warundi nao wakacheka, filamu ikaendelea.

Mimi nilicheka kwa sababu nami nilikuwa na bayeri wangu. Nilipotafuta chumba, mwenye nyumba mmoja alinionyesha mpaka mahali pa kupikia. Aliposikia ninatoka Uvira akakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa. Kibao cha kupangisha kilibaki mlangoni wiki nzima. Hakunitukana, alinipa hata maji ya kunywa. W'Kabi naye hatukani mtu. Daniel Kaluuya anaicheza sehemu ile kwa sauti ya rafiki anayekushauri, na ndiyo maana inauma. Ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaijua sentensi hiyo vizuri, mmekutana nayo kwenye mikutano imevaa tai.

Kaluuya huyo alizaliwa London na wazazi wake ni Waganda. Lupita Nyong'o, anayecheza Nakia, alizaliwa Mexico mwaka 1983, wakati baba yake yuko uhamishoni kwa sababu ya siasa za Kenya, anafundisha chuo kikuu huko. Kwa hiyo anayetetea wakimbizi ndani ya filamu ni mtoto wa mkimbizi kweli kweli. Sijui kama Ryan Coogler, mwongozaji, alilipanga hivyo. Lakini nikimtazama Nakia ninalikumbuka kila mara.

Sasa malalamiko yangu. Wakanda inatuambia kwamba haipokei mtu. Si kweli. Tuhesabu. Mwishoni mwa filamu ya Captain America ya 2016, Civil War, T'Challa anampa hifadhi Bucky, askari wa Kimarekani anayetafutwa dunia nzima. Ndani ya Black Panther yenyewe, Ross wa CIA anapigwa risasi Busan, anapakiwa kwenye chombo, anaingizwa Wakanda, Shuri anamtibu mgongo, na kesho yake anatembea. Hakuna fomu wala mahojiano, na hakuna wa kumwambia arudi wiki ijayo. Hao ndio wakimbizi wawili wa Wakanda tunaowaona kwa macho, wote weupe, na wote walishika bunduki za serikali kubwa.

Linganisha na mwanzo wa filamu, msitu wa Sambisa, Nigeria. Wanawake waliotekwa wako kwenye magari ya wanamgambo, Nakia kajificha kati yao. T'Challa anashuka, anapiga wote. Kuna mtoto mwenye bunduki, Nakia anamzuia mfalme asimguse, anasema huyu naye alitekwa. Kwetu sisi tunaotoka Kivu, hiyo ndiyo dakika ya kweli kuliko zote, kwa sababu sinema nyingi mtoto mwenye bunduki ni wa kupigwa tu. Lakini halafu? Wanawake wanaambiwa warudi makwao wenyewe, wamchukue na yule mtoto, na wasiseme waliyoyaona. Usiku, porini. Mfalme anarudi na Nakia kwenye chombo chenye nafasi tele.

Mama mmoja anayeuza ndagala, jirani yangu wa benchi, aliuliza kwa sauti: "Sasa bale bamama banaenda wapi?" Hakupata jibu. Filamu ilikuwa imeshahamia Wakanda, ngoma zinapigwa, rangi zinang'aa. Yeye aliuliza tena katikati ya sherehe ya kutawazwa, watu wakamwambia anyamaze.

Nadhani mama yule aliona kosa la filamu kuliko wachambuzi wengi. Swali kubwa linawekwa mezani, kisha hakuna anayelijibu. W'Kabi hajibiwi kwa hoja. Anageuzwa msaliti, anamfuata Killmonger, na mwisho Okoye anamwelekezea mkuki mpaka anapiga magoti. Sentensi yake inabaki palepale, nzima. Ni mchezo ule ule wa The Falcon and the Winter Soldier, mfululizo wa 2021, ambao vijana wa huku wanaupenda. Watu waliopokelewa nchi za wengine kwa miaka mitano wanafukuzwa na kutupwa kambini wenye nchi waliporudi. Karli anawatetea kwa maneno ambayo yeyote aliyeishi Musasa au Kavumu angeyatia sahihi. Kisha waandishi wanamfanya aue watu, ili mtazamaji asihangaike kuchagua. Ukimpa mtu hoja nzito halafu ukamtia damu mikononi, umeikimbia hoja.

Na mlango unapofunguka mwishoni, unafungukia wapi? Oakland, California. Ninaelewa, ndipo kosa la kwanza lilipotendeka, na deni la damu hulipwa kwanza. Lakini majirani wa Wakanda, wale ambao W'Kabi alikuwa anawaogopa, hatuwaoni mpaka taa zinawashwa.

Baada ya filamu tulibaki kubishana nje. Kijana wa nyuma alimtetea W'Kabi! Alisema nchi ndogo lazima ijilinde. Aliyemjibu ni mzee mmoja Mrundi, fundi wa injini, alitoka na kitambaa mkononi. Alisema amezaliwa Mishamo, Tanzania, kwa sababu wazazi wake walikimbia mwaka 1972, na kwamba ndugu zake wawili wamo kati ya wale zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania kuanzia 2014. Yeye alirudi. Mwaka uliofuata, 2015, mtoto wake akavuka upande wetu, akakaa kambi ya Lusenda, kule Fizi. "Huyo W'Kabi wenu," akasema, "mpeni miaka kumi tu, atavuka mpaka na godoro kichwani." Kijana akamuuliza, sasa mzee, wewe leo ukiwa na chumba, ungempangishia mkimbizi? Mzee akafikiri kweli, hakujibu haraka. Akasema ninacho kimoja, lakini paa linavuja.

Filamu bado naipenda. Nitaitazama ya tano. Mwenye nyumba ya video anasema Jumamosi ataleta Wakanda Forever ya 2022, ile ambayo Nakia ameondoka Wakanda anaishi Haiti. Mama wa ndagala ameshaniagiza nimshikie nafasi mbele, anasema safari hii atauliza mapema.