Ungamo Lililokataliwa: Mfululizo wa Pili wa Broadchurch

Tamthilia ya upelelezi, kwa desturi, huishia pale mwuaji ajulikanapo. Mfululizo wa kwanza wa Broadchurch, alioutunga Chris Chibnall na ulioonyeshwa na ITV ya Uingereza mwaka 2013, ulifuata desturi hiyo: katika sehemu ya 8 Joe Miller, mume wa mpelelezi Ellie Miller, alikiri kwamba ndiye aliyemwua mtoto Danny Latimer. Mfululizo wa pili, wa mwaka 2015, wamleta Joe kizimbani, naye akana shitaka.

Kwa kukana huko swali lote labadilika. Aliyeua mtazamaji amekwisha kumjua. Linalotafutwa sasa ni lipi, katika yaliyonenwa, sheria yaweza kulisikia. Ellie alimpiga mumewe akiwa mikononi mwa polisi, na kwa ajili hiyo jaji azuia ungamo lisitolewe mbele ya juri, yaani raia 12 walioapishwa kuamua. Maneno yaliyoufunga mfululizo wa kwanza yawa kana kwamba hayakusemwa kamwe. Katika Kiswahili, kukiri kwaelekea zaidi mahakamani, na kuungama kwaelekea kanisani. Na mpaka huo waguswa kasisi Paul Coates anapomtembelea Joe gerezani. Joe ataka faraja ya aliyeungama pasipo hasara ya aliyekiri.

Mahakamani ndiko kwenye nguvu ya kazi hii. Sharon Bishop, wakili wa utetezi, ashindana na Jocelyn Knight, aliyemfundisha kazi hapo zamani. Yadaiwa kwamba Ellie na mwenziwe Alec Hardy ni wapenzi. Na Ellie, msema wazi asiye na hila ya maneno, kila ajibupo jibu lake lageuzwa kuwa silaha juu yake. Mandhari hayo hayahitaji maiti mpya wala fumbo.

Yasikitisha basi kwamba Chibnall hakuyaamini. Aliongeza fumbo la Sandbrook, kesi ya zamani ya Hardy juu ya Pippa na Lisa, na humo dhana za kawaida za upelelezi zarudi tele. Katika mfululizo wa kwanza kesi hiyo ilikuwa jeraha lililotajwa kwa nusu, likamweleza Hardy vema zaidi kuliko sasa lifunuliwapo lote.

Juri yamwachilia Joe. Watu wa mji wamkabili kibandani alikofia Danny, nao wamfukuza, na hapo Beth, mama wa mtoto, aweza hatimaye kumwambia lile ambalo mahakama haikumpa nafasi ya kulisema. Tukio hilo lilistahili muda mrefu zaidi.